MAZINGAOMBWE DARASANI: TULICHOJIFUNZA VURRA JUU YA AKILI YA MTU

Safari hii tunataka kueleza jambo ambalo mwanzoni litaonekana kama mchezo wa watoto. Ni habari ya mazingaombwe, yaani kiini macho, na jinsi tulivyoyatumia katika darasa la wafanyakazi huko Vurra, upande wa Arua, karibu na mpaka wa Kongo. Msiifunge karatasi mapema. Mkifika mwisho mtaona ya kwamba habari hii yahusu mizani, karatasi ya mkataba, fedha ya mshahara, na jina jema la mfanyakazi mwenzako.

Darasa letu lilikuwa la siku mbili, Jumamosi na Jumapili, katika chumba cha shule ya msingi tulichoazimwa. Waliofika walikuwa watu wa kila namna. Walikuwapo waliokuja likizo kutoka mashamba ya miwa ya Kakira, Lugazi na Kinyara, kwani tangu wakati wa ukoloni West Nile imekuwa ikitoa vijana wake kwenda kukata miwa ya kusini. Walikuwapo wapakiaji wa malori ya mpakani, na wanaofanya kazi katika maghala ya tumbaku. Walikuwapo pia akina mama wanaolima mashamba ya watu kwa malipo ya siku, kazi ambayo kule huitwa leja leja.

Somo letu lilikuwa mambo mawili: kusoma mkataba kabla ya kutia sahihi, na kuangalia mizani. Ni somo zuri, lakini saa nane mchana, bati likiwaka jua na watu wameshakula, nusu ya darasa ilikuwa inasinzia. Ndipo tukatoa ndimu mfukoni.

NDIMU ILIYOPOTEA

Tuliirusha ndimu juu, tukaidaka. Tukairusha tena, tukaidaka. Mara ya tatu mkono ulipanda kama kawaida, macho yetu yakaenda juu hadi kwenye bati, lakini ndimu haikurushwa. Ilibaki imefichwa kiganjani. Darasa zima likatazama juu. Tulipouliza, "Ndimu imekwenda wapi?", wengi walisema ilipanda ikapotelea hewani. Mmoja aliapa kwamba aliiona ikigonga bati.

Hapo ndipo tulipofanya kosa letu. Tulitaka watu warudi kesho na hamu, basi tukafunga darasa bila kueleza. Kufika jioni neno lilikwisha kuzunguka kijijini ya kwamba watu wa chama wana dawa, wanaweza kufanya kitu kipotee mbele ya macho. Asubuhi mwenyekiti wa LC alikuja na wazee wawili kutuuliza sisi ni watu gani.

Ndugu, mnajua kwamba katika nchi yetu neno la uchawi au la sumu si la kuchezewa. Kuna watu waliopigwa, wakachomewa nyumba na kufukuzwa kwa neno dogo kuliko hilo. Tuliwaomba radhi wazee wale, tukawaketisha mbele, na mbele ya darasa zima tukaurudia mchezo polepole. Tulionyesha mkono ulivyofunga, kidole kilivyoshika, na macho yalivyoinuliwa kwa makusudi. Kisha tukampa ndimu kila aliyetaka kujaribu.

Mama mmoja mzee alijaribu mara mbili akashindwa. Mara ya tatu akamdanganya mwenyekiti mwenyewe. Watu walicheka mpaka machozi. Lakini yeye hakucheka. Aliketi, akaiweka ndimu juu ya dawati, akasema: "Wanangu, kama ndimu yaweza kupotea hivi, basi nimeanza kuelewa kilo zangu za tumbaku zilipotelea wapi."

Tokea hapo hakuna aliyesinzia tena.

AKILI HUONA INACHOKINGOJEA

Elimu ya jinsi akili ya mtu inavyofanya kazi huitwa saikolojia. Wengine hufikiri ni elimu ya madaktari wa wagonjwa wa akili tu. Sivyo. Ni elimu ya watu wazima na wenye afya pia: wanaonaje, wanakumbukaje, wanaaminije na wanachaguaje. Wataalamu wa elimu hii walianza zamani kuwasoma wafanya mazingaombwe. Waliona ya kwamba mtu anayepata riziki yake kwa kudanganya macho ya wenziwe lazima anajua mengi juu ya akili. Huko Ufaransa, Alfred Binet aliandika juu ya jambo hili mwaka 1894.

Mchezo wetu wa ndimu si wetu. Mwaka 1900 Mmarekani mmoja, Norman Triplett, aliandika jinsi alivyoufanya kwa mpira mbele ya watoto wa shule. Karibu nusu ya watoto walisema waliuona mpira ukipanda na kupotea hewani, na haukurushwa kamwe. Mwaka 2006, Uingereza, Gustav Kuhn, ambaye ni mtaalamu na pia mfanya mazingaombwe, aliurudia pamoja na mwenzake Michael Land. Alipoinua macho kuufuata mpira usiokuwapo, watu 68 katika kila 100 walisema wameuona ukipanda. Alipoutazama mkono wake badala ya kutazama juu, walioona hivyo walikuwa 32 tu. Mkono ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni mahali alipotazama.

Maana yake ni hii. Jicho si kioo kinachopokea kila kitu. Akili hukisia litakalokuja, na mara nyingine hutuonyesha inachokingojea kama kwamba kimekuja. Tena akili zetu hufuata macho ya mwenzetu. Akitazama juu, nasi twatazama juu.

Jambo la pili ni kwamba akili haiwezi kushika kazi mbili ngumu kwa mara moja. Mwaka 1999 Wamarekani wawili, Daniel Simons na Christopher Chabris, waliwaonyesha watu picha ya sinema ya vijana wanaopasiana mpira, wakawaambia wahesabu pasi. Katikati ya mchezo mtu aliyevaa vazi la gorila akapita, akasimama, akajipiga kifua, akaenda zake. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona. Macho yao yalikuwa mazima, lakini akili ilikuwa kwenye hesabu.

Sasa turudi kwa yule mama. Tulimuuliza, "Siku ya kupima tumbaku, ulikuwa unafanya nini?" Akasema karani alikuwa mtu mwema sana. Alimsalimu, akamuuliza habari za wajukuu, na mmoja alikuwa mgonjwa, basi wakazungumza juu ya ugonjwa huo. Tulimuuliza, "Mshale wa mizani ulisimama wapi?" Akanyamaza. Hakujua.

Hatusemi karani yule ni mwizi. Hatukuwapo, wala hatukumwona. Twasema hivi tu: mama hakuitazama mizani, na hakujua kwamba hakuitazama. Hilo la pili ndilo baya zaidi. Mtu anayejua hakuona atauliza. Anayedhani ameona atatia sahihi.

PATA POTEA NA KARATASI ILIYOBADILISHWA

Mchezo wa pili kila mmoja wenu anaujua. Ni pata potea, ule wa karata tatu unaochezwa kwenye vituo vya basi na pembeni ya soko. Wangapi katika kambi zetu wamepanda basi na mshahara, wakashuka bila nauli ya kufika nyumbani?

Siri yake ni ndogo. Mchezaji hushika karata mbili kwa mkono mmoja, moja juu na moja chini. Hukuonyesha kwamba ya chini ndiyo yenye fedha. Anapoziangusha, wewe wadhani ameangusha ya chini kwanza, na kumbe ameangusha ya juu. Tokea hapo unafuata karata isiyo yenyewe, na kadiri unavyokaza macho ndivyo unavyozidi kupotea.

Lakini tuliwaambia darasa ya kwamba karata ni nusu tu ya mchezo. Nusu ya pili ni watu waliosimama pembeni. Yule anayeshinda mbele yako ni mwenzao. Yule anayekunong'oneza, "Karata imekunjwa pembe, weka upesi," ni mwenzao. Yule anayekusukuma nyuma ni mwenzao pia. Wewe wadhani umo katika kundi la wachezaji, na kumbe mchezaji ni wewe peke yako, wengine wote ni wafanyakazi wa kampuni ile.

Hii ndiyo njia ya kila mpango wa fedha ya haraka. Huko Tanzania ulikuwapo mpango wa DECI, ambapo watu waliambiwa wapande fedha kama mbegu wavune zaidi, mpaka serikali ikausimamisha mwaka 2009. Waliovuna kwanza walilipwa kwa fedha ya waliopanda nyuma yao, na furaha yao ndiyo iliyowavuta wengine. Ujumbe wa simu usemao, "Nimekutumia fedha kwa makosa, nirudishie upesi," unafuata njia hiyohiyo. Neno la kuangalia ni "upesi". Anayekuharakisha hataki utazame mkono wake wa pili.

Tuliongeza mchezo mwingine wa karatasi. Mwaka 2005 wataalamu wa Sweden, Petter Johansson na Lars Hall na wenzao, waliwaonyesha watu picha mbili za sura na kuwauliza ipi inapendeza zaidi. Mtu akichagua, walimpa picha aliyochagua aeleze sababu. Lakini mara nyingine, kwa ujanja wa mkono waliojifunza kwa wafanya mazingaombwe, walimpa ile aliyoikataa. Mara nyingi mtu hakutambua. Wengine hata walieleza vizuri kwa nini waliichagua picha ambayo hawakuichagua!

Fikirini hilo, ndugu. Kama mtu aweza kubadilishiwa sura ya binadamu mkononi asijue, itakuwaje karatasi iliyopigwa chapa kwa herufi ndogo, kwa lugha asiyoisoma vizuri, anayosomewa mlangoni na kutiwa sahihi mezani? Ndiyo maana chama husema siku zote: karatasi iliyosomwa ndiyo itiwe sahihi, ukurasa kwa ukurasa, na nakala ibaki mkononi mwako. Huko si kumtukana mwajiri. Mwajiri mwaminifu hapotezi kitu.

PETE NA UZI

Mchezo wa tatu ndio uliotugusa sana. Tulichora duara chini ya karatasi, na msalaba ndani yake. Tulifunga pete kwenye uzi wa kushonea, mtu akaushika uzi juu ya duara, akaambiwa asiutikise mkono. Kisha tukamwambia, "Fikiri tu ya kwamba pete inakwenda mbele na nyuma." Baada ya muda kidogo pete ikaanza kwenda mbele na nyuma. "Sasa fikiri inazunguka." Ikaanza kuzunguka. Kijana aliyeishika alitoka jasho, akasema, "Haki ya Mungu, si mimi."

Tukamfunga macho kwa kitambaa. Pete ikapunguza mwendo, na mwisho ikatulia.

Mambo haya yalielezwa mwaka 1833 na Mfaransa Chevreul, mtaalamu wa kemia. Aliona ya kwamba mkono hufanya mwendo mdogo sana kufuata mawazo, mdogo hata mwenye mkono hausikii, na uzi huukuza mwendo huo. Mwaka 1853 Michael Faraday wa Uingereza alifanya jaribio jingine. Wakati ule watu wa London walikuwa wakikaa kuzunguka meza, wakiweka mikono juu yake, na meza ikisogea walisema ni mizimu. Faraday alitengeneza chombo kidogo kilichoonyesha ni mikono ya watu wenyewe iliyokuwa ikisukuma. Hawakuwa waongo. Hawakujua.

Msidhani basi ya kwamba jambo hili ni la Waafrika peke yao, au la wasiosoma. Wazee wa Lugbara walikuwa na kijiti cha kusugua kinachoitwa acife. Mwaguzi alisugua huku akitaja majina ya watu, na mahali mkono ulipokwama ndipo palipokuwa na jibu. Hatuwatukani wazee wetu. Meza ya London na kijiti cha Lugbara ni ndugu.

Hapo baadhi yetu tulinyamaza, kwa maana tulikumbuka jambo letu wenyewe.

Zamani, tulipokuwa vijana katika kambi ya shamba moja, mshahara wa mwenzetu ulipotea usiku wa siku ya malipo. Kambi nzima ilikuwa na hasira. Watu wakasema aitwe mtu mwenye kujua. Tulichanga fedha, kila mtu kidogo, na sisi tunaoandika tulitoa. Akaja mtu na kibuyu chake kilichoning'inizwa kwa kamba. Tukapangwa mstari, naye akapita mbele ya kila mmoja. Kibuyu kilitulia, kikatulia, kisha kikaanza kuzunguka mbele ya kijana mmoja aliyetoka mbali, asiyekuwa na watu wa kabila lake kambini, mpole, asiyenywa pombe na watu. Sasa twajua kwa nini kilizunguka pale. Kambi yote ilikwisha kumtazama yeye kabla kibuyu hakijafika, na mwenye kibuyu alikuwa na macho.

Alipigwa. Hatukumpiga sisi, lakini hatukuzuia. Usiku ule aliondoka kwa miguu, akaacha siku zake za kazi ambazo hazijalipwa. Baada ya majuma mawili, mwenye fedha alisogeza sanduku lake ili kufagia, akaikuta fedha imeangukia nyuma, katika pindo la gunia. Nyapara alicheka, akasema mambo hutokea. Hakuna aliyejua kwao yule kijana ni wapi ili apelekewe hata salamu.

Tulilieleza darasa habari hii yote. Hakuna aliyesema neno kwa muda. Kisha mkata miwa mmoja akasema kambini kwao jambo kama hilo lilifanyika mwaka jana tu, na aliyetajwa ni binamu yake.

Chama cha wafanyakazi hakivunjwi na mwajiri peke yake. Huvunjwa pia na kibuyu kinachozunguka mbele ya mnyonge. Siku kambi inapomfukuza mtu wake kwa sababu ya kamba na kibuyu, siku ya mgomo hapatakuwa na umoja, kwani kila mtu atakuwa akimwogopa wa karibu yake.

MZEE ALIYEULIZA JUU YA MAJI

Jioni ya Jumapili mzee mmoja aliinua mkono akauliza, "Na maji ya Yakani je? Yalikuwa mazingaombwe?" Swali hilo ni zito, na tulijibu kwa heshima.

Kwa vijana wasiojua: nchi hii ilipowekwa chini ya Waingereza na kituo cha Arua kuanzishwa mwaka 1914, palikuwapo mambo mazito: kodi, kazi ya kulazimishwa, maradhi ya watu na ya ng'ombe. Rembe, mtu wa Kakwa, alikuwa akitoa maji ya Yakani. Waliokunywa waliahidiwa ya kwamba bunduki za serikali zitatoa maji, na kwamba wafu na ng'ombe waliokufa watarudi. Rembe alikamatwa akanyongwa Yei mwaka 1917. Hata hivyo maji hayakuisha, na mwaka 1919 palitokea uasi. Huko Tanganyika ilikuwa vivyo hivyo. Kinjikitile wa Ngarambe alitoa maji mwaka 1905, akanyongwa na Wajerumani mwaka uleule, na vita ya Maji Maji ikaendelea mpaka 1907.

Tulimjibu mzee kwamba risasi haikugeuka maji, na watu walikufa. Hilo lazima lisemwe. Lakini msiwacheke. Mtu aliyebanwa kila upande hukiamini kitu kinachompa njia. Tena maji yale yalifanya kazi moja ya kweli: yaliwaunganisha watu wa koo na makabila ambayo hayakuwahi kusimama pamoja. Nguvu ilikuwa katika kusimama pamoja, haikuwa ndani ya maji.

Tena wakoloni nao walitumia mazingaombwe. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimtuma Algeria Jean-Eugène Robert-Houdin, aliyekuwa fundi wa saa na mfanya mazingaombwe maarufu. Alitumwa awaonyeshe watu kwamba nguvu za Wafaransa zinawashinda viongozi wao wa dini. Alikuwa na sanduku dogo ambalo mtoto aliweza kuliinua, kisha akamwita mtu mwenye nguvu, naye akashindwa kulisogeza. Chini ya jukwaa palikuwa na sumaku ya umeme, na sanduku lilikuwa na chuma. Alimwachia pia mtu ampige risasi, kisha akaonyesha risasi kati ya meno yake.

Tazameni basi. Serikali yenye mizinga na shule, katika kutawala watu, ilitumia mchezo uleule wa risasi. Mazingaombwe ya mnyonge humpa ushujaa wa uongo, na mazingaombwe ya mkubwa hutia woga wa uongo. Sanduku halikuwa zito. Mtu mwenye nguvu aliambiwa hana nguvu, akaamini. Ni mara ngapi tumeambiwa mezani kwamba madai yetu hayawezekani, na sisi tukarudi kambini bila kuuliza kilichoko chini ya jukwaa?

KUSEMA PEKE YAKE HAKUTOSHI

Ndugu wengine watasema, "Kwa nini mchezo? Waambieni watu tu ya kwamba wasidanganywe." Tumefanya hivyo miaka mingi, na hakutoshi. Mwaka 1980 Barry Singer na Victor Benassi wa California waliandika habari ya kijana mfanya mazingaombwe waliyemleta mbele ya wanafunzi wao wa chuo kikuu. Hata wanafunzi walioambiwa mapema ya kwamba ni mfanya mazingaombwe, wengi waliendelea kuamini kuwa ana nguvu za ajabu. Kama mwanafunzi wa chuo kikuu yuko hivyo, sisi wa darasa la saba tusijione wajinga.

Kinachosaidia ni mtu kushika ndimu mwenyewe, adanganyike, kisha adanganye. Yule mama hakufundishwa na maneno yetu. Alifundishwa na mkono wake mwenyewe ulipomdanganya mwenyekiti.

Kwa matawi yanayotaka kufanya darasa kama hili, haya ndiyo masharti tuliyoyapata kwa kukosea:

1. Semeni kabla ya kuanza ya kwamba ni ujanja wa mkono, si dawa.

2. Fungueni kila siri siku ileile, kabla watu hawajatoka mlangoni. Mfanya mazingaombwe wa jukwaani huficha siri yake, kwani ndiyo chakula chake. Mwalimu wa chama hana haki hiyo.

3. Kila mtu apewe nafasi ya kujaribu, akina mama na wazee kwanza.

4. Msichezee fedha hata senti moja. Pata potea ionyeshwe kwa punje za mahindi.

5. Msimchague mtu mnyonge kumfanya kichekesho. Aliyedanganyika aelezwe ya kwamba akili yake ni nzima, na kwamba akili zote ziko hivyo.

6. Kila mchezo uishie kwenye kazi: ndimu iishie kwenye mizani, karata kwenye mipango ya fedha, karatasi kwenye mkataba, pete kwenye kesi za wizi kambini. Mchezo usioishia kwenye kazi ni burudani tu.

KILICHOFUATA

Darasa lilipoisha wapakiaji wa malori walikaa nyuma, wakakubaliana jambo lao. Wao hulipwa kwa gunia, na hesabu ya magunia imekuwa ugomvi siku zote. Waliamua ya kwamba mmoja wao hatabeba. Atasimama kando na mfuko wa kokoto, na kwa kila gunia linalopanda lori atahamisha kokoto moja. Hatasalimiana na mtu, hatajibu simu, hatacheka na dereva mpaka lori lijae. Wengine watachanga sehemu yake ya malipo. Kwa maana mwenye kubeba hawezi kuhesabu, na mwenye kuzungumza hawezi kutazama.

Akina mama wa tumbaku nao walisema watakwenda kwenye mizani wawili wawili. Mmoja atajibu salamu za karani, na mwenziwe hatajibu neno. Atautazama mshale.

Na yule mkata miwa wa binamu aliyetajwa na kibuyu aliomba tumpe uzi na pete. Alisema anarudi kambini Jumanne, na anataka wenzake waone kabla ya siku ya malipo. Tulimpa, pamoja na kipande cha karatasi chenye duara.

Ndugu wafanyakazi, mtu mmoja macho yake ni mawili, na aweza kudanganywa hata akiwa mwerevu. Lakini ni vigumu kuwadanganya watatu waliogawana kazi ya kutazama. Kwa hiyo msiende peke yenu kwenye mizani wala kwenye meza ya mkataba. Na kabla ya kumnyooshea kidole mwenzenu kambini, sogezeni masanduku yenu mwangalie nyuma.

Umoja ni nguvu.